Maneno mafupi ya Kiingereza yanayokula pesa: mwongozo kwa mtu wa Lubumbashi anayefanya kazi na Zambia

Tuseme muuzaji wa Kitwe, Zambia, amekuandikia hivi kwenye WhatsApp: "Pay by Friday. We keep the bags until Monday. 5% off." Maneno marefu ya ujumbe huu hayasumbui. "Friday" ni Ijumaa, "bags" ni mifuko, na usiyoyajua simu itakutafsiria. Yanayoumiza ni "by", "until" na "off". Ukiyakosea hayo matatu utapeleka pesa imeshachelewa, utakuta mifuko ameuziwa mwingine, na hesabu ya bei utaipiga vibaya.

Wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, na Kiingereza tumekiokota mpakani Kasumbalesa, kwenye makampuni ya madini, kwenye fakitire (ankara) na barua za kazi. Si lugha ngeni mji huu. Reli iliyofika hapa mwaka 1910 ilitoka kusini, upande wa Rhodesia, sehemu ambayo leo ni Zambia. Lakini shule zilibaki za Kifaransa. Basi neno fupi la Kiingereza linapokuja, kichwani tayari kuna lugha mbili, na kila moja inataka kulieleza kwa namna yake.

Vitabu vingi hufundisha maneno haya kwa orodha ya jozi: hili na lile, hili na lile, kurasa tatu. Sioni faida yake. Baada ya siku chache jozi zote zimechanganyika upya. Bora ujiulize kosa lako limetoka wapi, kwa sababu dawa inafuata chanzo.

Hatua ya kwanza: tafuta chanzo

Chukua daftari na ujumbe wote wa Kiingereza ulioupokea mwezi huu. Piga mstari chini ya kila neno fupi lililokufanya usite, kisha nakili sentensi nzima. Neno peke yake halina faida: "by" ikiwa imekaa yenyewe haina maana yoyote ya kushika.

Pembeni ya kila sentensi andika herufi moja. J ni jicho: maneno yanafanana kwa maandishi. S ni sikio: yanafanana yakitamkwa. K ni Kiswahili: sisi tuna neno moja mahali Kiingereza kina mawili. F ni Kifaransa: neno limeandikwa kama la Kifaransa lakini lina maana nyingine. Ukifika sentensi ya kumi utaona herufi moja inajirudia. Anza nayo. Ukiniuliza mimi, kwa mfanyabiashara K ndiyo ghali kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya pili: tarehe na bei

Kiswahili kinasema "lipa mpaka Ijumaa" na "ngoja mpaka Ijumaa", neno ni lile lile. Kiingereza kinatenganisha. "By Friday" ni kikomo: tendo linafanyika mara moja, siku yoyote, ila Ijumaa isipite. "Until Friday" ni muda: jambo linaendelea bila kukatika, na Ijumaa linakoma. Kipimo changu ni neno "isipite". Kama unaweza kusema "Ijumaa isipite" na maana ikabaki, andika "by". Kama unaweza kusema "kuendelea mpaka", andika "until". "Till" ni "until" iliyofupishwa, ingawa dukani "till" ni pale wanapopokelea pesa. Ukiambiwa "pay at the till", hakuna tarehe hapo.

Kifaransa kinaweza kukusaidia: "until" ni "jusqu'à", "by" ni "au plus tard". Ila hakuna lugha kati ya hizi itakayokuambia kama "until Monday" inaihesabu Jumatatu yenyewe au inaishia Jumapili usiku. Hata Waingereza huulizana. Uliza.

"In" na "within" nazo. "The truck will arrive in 3 days" maana yake baada ya siku 3, yaani leo na kesho usiende kulingojea. "Within 3 days" maana yake siku 3 hazitapita. Linaweza kufika hata kesho asubuhi. Mwenye ghala anayelipia vibarua wa kushusha mizigo anajua tofauti hiyo ina bei gani.

Sasa bei yenyewe. Mfuko wa unga ni dola 12, kwa mfano. Muuzaji anaandika: "The price has gone up by 2 dollars." Imeongezeka dola 2, sasa ni 14. Akiandika "up to 14 dollars", anataja mahali ilipofika. Kiswahili sanifu kinatofautisha vizuri, "imepanda kwa 2" na "imepanda hadi 14", lakini tukiongea haraka tunasema tu "imepanda dola mbili" na tunaelewana. Kiingereza hakikuachii. Ukiona "by" karibu na bei, ongeza au punguza. Ukiona "to", hiyo ndiyo bei, usiongeze kitu. Angalia pia "up to" ikiwa mbele ya kiasi bila bei kupanda: "up to 100 bags" ni mifuko isiyozidi 100. Hakuahidi 100.

Kwa kuwa tumetaja unga: mfuko ulioandikwa "breakfast" hauhusiani na chai ya asubuhi. Nchini Zambia ni unga mweupe uliokobolewa sana. Ule wa bei nafuu unaitwa "roller". Watu hudhani wameletewa chakula cha watoto.

"Since" na "for" zinawaangusha wanaoandika barua za kazi. Kwetu yote ni "tangu", na Kifaransa kinatia mafuta kwa "depuis". "Since" inataka mahali pa kuanzia: "since 2019", "since March". "For" inataka urefu: "for 5 years". Jiulize kama unaweza kulionyesha jambo hilo kwa kidole kwenye kalenda. Mwaka 2019 unaonyeshwa, miaka 5 inahesabiwa. Halafu kuna kitenzi: "I work here since 2019" ni Kifaransa kilichovaa maneno ya Kiingereza. Andika "I have worked here since 2019". Kama kazi hiyo uliiacha, "since" haina nafasi. Sema "I worked there for 5 years" au "I left 2 years ago".

Halafu "bado", neno letu zuri linalojibu kila kitu. Lori bado liko mpakani: "The truck is still at the border." Lori bado halijafika: "The truck has not arrived yet." Bado dakika tano: "Five minutes left." Mtu akikuuliza kama umelipa, na kwa Kiswahili ungejibu "bado" peke yake, Kiingereza chake ni "Not yet". Ukijibu "Still", atabaki anaitazama simu. Kwa kawaida "yet" inafuata kukana au kuuliza. "Still" inakaa na jambo linaloendelea.

"Sana" nayo ina mtego wake. "Very heavy" ni zito sana. "Too heavy" ni zito kupita kiasi, yaani halifai. Hapa kwetu hata Kifaransa tunakisema hivyo, "c'est trop bon", kwa kusifia. Sasa fikiria dereva kwenye mizani ya magari, anataka kujisifu kwa yule afisa: "My load is too big." Kwa Kiingereza amekiri mwenyewe kwamba amezidisha mzigo.

Mwisho wa kundi hili ni maneno ya mahali. Sisi tuna "kwenye" na "-ni", wao wana "in", "on" na "at". Usijisumbue kutafuta sheria kubwa. Mtu akisema "in Kasumbalesa" badala ya "at Kasumbalesa" hakuna atakayepata hasara. Shika mbili tu zinazobadilisha habari. "The truck is on the way": liko njiani, linakuja. "The truck is in the way": limeziba njia, liondoe. Na "on time" ni saa ile ile iliyopangwa, "in time" ni kabla mambo hayajaharibika.

Hatua ya tatu: mapacha wa maandishi

"Of" na "off", "to" na "too", "then" na "than". Kama unaona haki kuzichanganya, una sababu: kila jozi ilikuwa neno moja zamani. "Off" ilikuwa "of" iliyotamkwa kwa mkazo, na tofauti ya maandishi ilikuja kutulia baada ya mwaka 1600. "Too" ilikuwa "to" yenye mkazo. "Then" na "than" zilitenganishwa moja kwa moja karibu mwaka 1700. Waingereza wenyewe hadi leo huzikosea.

Pesa iko kwenye "off". Bidhaa ni dola 200. "10% off" ni kuondoa: unalipa 180. "10% of the price" ni sehemu: ni dola 20, pengine malipo ya kwanza wanayodai. Herufi moja, tofauti ya dola 160. "Off" siku zote ina harufu ya kuondoka au kukatika: "day off" ni siku ya mapumziko, "switch off" ni kuzima, "offload" ni kushusha mzigo, "the truck is off the road" ni lori lisilofanya kazi, hata kama limeegeshwa barabarani.

"Than" ni ya kulinganisha tu: "cheaper than", nafuu kuliko. "Then" ni halafu. "Pay first, then load", lipa kwanza halafu pakia. "From" na "form" zinachanganywa na jicho lililochoka, soma taratibu.

Stakabadhi ya malipo, risiti ya kuandika kwa mkono, inafaa kwa mazoezi kwa sababu maneno mafupi ndiyo yanayoiendesha: "Received from... the sum of... for..." Baada ya "from" ni jina la aliyetoa pesa. Baada ya "of" ni kiasi. Baada ya "for" ni sababu. Jina lako lisipokuwa baada ya "from", stakabadhi hiyo si yako, hata kama pesa zilitoka mfukoni mwako. Kagua kabla hujaondoka kaunta.

Hatua ya nne: yanayovaa nguo za Kifaransa

Hapa waliosoma sana ndio huanguka zaidi. Jicho lililozoea Kifaransa likiona "pain" kwenye boksi la dawa, linasoma mkate, kumbe ni maumivu. Asili yake inasaidia kukumbuka: "pain" ya Kiingereza ni ndugu wa "peine", haina undugu na mkate. "But" si goli, ni lakini, na kwenye ujumbe wa biashara inastahili kusomwa mara mbili, maana baada yake ndipo habari mbaya inapokaa. "Four" ni nne, si tanuri. "Car" si kwa sababu, ni gari. "Chair" ni kiti, si nyama. "Sale" ni mauzo, wala hakuna anayesema bidhaa ni chafu. "Pays" si nchi, ni analipa: "the buyer pays transport", usafiri unalipwa na mnunuzi, yaani wewe. "Coin" ni sarafu. Hii ilitoka Kifaransa kweli, kwenye neno lile lile la pembe na kabari, kwa sababu chuma cha kugongea sarafu kiliitwa hivyo. Waingereza wakabaki na pesa, Wafaransa wakabaki na kona.

Katanga tuna jambo letu la pekee: "or". Kwa Kifaransa ni dhahabu. Kwa Kiingereza ni au. Kisha kuna "ore", inayotamkwa karibu sawa na "or", nayo ni mawe yenye madini, kile tunachoita minerai. "Copper ore" ni minerai ya shaba. Anayesikia "ore" kwenye simu na kuandika "or" amefuta bidhaa yenyewe kwenye mkataba. Ukiwa kwenye biashara hiyo, jizoeze kuandika "copper ore" kwa pamoja daima, usiache "ore" peke yake. Na "mine" ni mgodi, pia ni yangu. "This mine is mine" ni sentensi sahihi kabisa, ingawa hapa mjini ni wachache wanaoweza kuisema.

Kifaransa si adui kila mara. "Few" na "a few" ni "peu de" na "quelques": "we have few bags" ni malalamiko, mifuko haitoshi, "we have a few bags" ni habari njema, ipo kadhaa. "Due" ni "dû" yenyewe: "balance due" ni deni lililobaki. "Net weight" ni uzito bila kifungashio, kama "poids net". Ila "Net 30" chini ya fakitire haina uzito ndani yake: ni kulipa yote kabla siku 30 hazijaisha, kwa kawaida tangu tarehe ya fakitire.

Kuna "his" na "her", na hapa Kiswahili na Kifaransa vimeungana dhidi yako. Sisi tunasema mke wake, gari lake, vitu vyake: kinachobadilika kinafuata kitu kinachomilikiwa. Mfaransa naye anasema "son" au "sa" kufuata kitu. Mwingereza hatazami kitu, anatazama mwenye nacho. Papa na mke wake: "his wife". Mama na mume wake: "her husband". Ukiandika "Mr. Ilunga and her wife" umefuata "sa femme", na msomaji atajiuliza huyo mke ni wa nani. Dawa ni kumtaja mwenye kitu kwanza kwa sauti, mwanamume au mwanamke, kisha uandike. Kama mwenye nacho ni kampuni au lori, ni "its", bila alama ya juu. "It's" yenye alama ni "it is" iliyofupishwa.

Hatua ya tano: sikio

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu karibu 20. Lazima nyingine zianguke kwenye sanduku moja. "Live" na "leave" kwetu ni "liv". Kwenye mahojiano ya kazi, "Where do you live?" inataka jina la mtaa, Katuba au Kampemba, "When did you leave?" inataka tarehe uliyoacha kazi. Usitegemee irabu. Sikiliza neno la kwanza, "where" au "when", ndilo linalokuambia.

"Work" na "walk" ni hivyo hivyo. Kwa "walk" fungua mdomo kama "o" ya "ona", irefushe. Kwa "work" midomo isiviringike kabisa, sauti itoke katikati.

Kwa anayeongea Kibemba au Kiluba nyumbani, r na l huingiliana, na ng'ambo ya mpaka wako hivyo pia. "The road is bad" na "the load is bad" ni habari mbili tofauti sana: barabara mbovu, au mzigo mbovu. Dereva akipiga simu na kusema mojawapo, muulize "Which road?" kabla hujashika kichwa. "Collect" na "correct" ziko kundi hilo: "collect the papers" ni kachukue karatasi, "correct the papers" ni zirekebishe.

Kwa "th", Kiswahili sanifu kingetupa msaada: "thamani" ina sauti ya "think", "dhahabu" ina sauti ya "then". Lakini sisi tunasema "zahabu", na ndiyo maana "then" hutoka "zen". Toa ncha ya ulimi kati ya meno. Inaonekana vibaya kwenye kioo, lakini ndivyo inavyotamkwa.

"Can" na "can't" zinastahili tahadhari yao, maana moja ni ndiyo na nyingine ni hapana. Herufi t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Upande wa Zambia "can't" ina "a" ndefu, na "can" katikati ya sentensi hutamkwa haraka kama "kn". Ukisikia ndefu, ni hapana. Na "fifteen" mkazo uko mwisho, "fifty" uko mwanzo. Ila kwa pesa usibahatishe, mwombe akuandikie kwa tarakimu.

Hatua ya sita: jibu linalokulinda

Kabla hujalipa, rudisha ujumbe kwa maneno yako, ukiweka tarehe, saa na tarakimu mahali pa maneno mafupi. Kwa ule ujumbe wa mwanzo, kama bei ni dola 1,000 na Ijumaa ni tarehe 14, andika: "So I pay 950 dollars. Last day: Friday 14, 16:00. You keep the bags for me, Monday included. Correct?" Saa ya Lubumbashi na ya Zambia ni moja, hapo hakuna hesabu ya kufanya, mtu wa Kinshasa yuko saa moja nyuma, mkumbushe kama ndiye anayetuma pesa.

Ukitumia programu ya kutafsiri, iwekee sentensi nzima, kamwe usiiwekee neno moja. Ikishakupa Kiswahili, geuza Kiswahili hicho kirudi Kiingereza. Kama "by" imerudi ikiwa "until", hapo ndipo pa kumpigia muuzaji simu. Na akijibu "Correct", hifadhi picha ya ujumbe huo pamoja na stakabadhi. Mtu wa duane (forodha) au wa benki akihoji tarehe, utakuwa na kitu cha kumwonyesha.